Jicho Lisiloona Mbuzi

Pikipiki nyekundu ilikata kona ya soko bila kupiga honi.

Mardochée Onema akaikata nyuma yake, TVS yake ikinguruma, tope likimrukia mpaka kwenye meno. Mwanamke aliyebeba beseni la mihogo akamtukana. Alikuwa na haki ya kutukana, lakini Mardochée hakuwa na muda wa kuomba radhi.

"Nguzo, Nguzo, hapa Mvuvi," alisema kwenye Motorola aliyoifunga kifuani. "Namfuata. Anaelekea mtoni. Ana gunia mgongoni."

Redio ikakoroma.

"Nguzo, unanisikia?"

Ikakoroma tena. Katika mtaa wote wa Kasuku hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa anamsikiliza.

Wakashuka mteremko wa kivuko. Mbele kulikuwa na Lualaba, pana, imejaa maji ya mvua, na pirogi tatu, mitumbwi ya kuvukia, zikisubiri abiria. Mwenye pikipiki nyekundu akafunga breki. Mardochée hakufunga. Aliruka kabla TVS haijaanguka, akamkumba mtu yule, wakabingirika wote wawili mpaka kwenye majani ya ukingoni. Makarov ikatoka kiunoni.

"Fungua gunia."

"Chef, mi..."

"Fungua!"

Gunia likafunguliwa. Wakatoka bata wawili. Wakajitikisa, wakaangalia mji, wakaanza kutembea kuelekea majini.

"Njo ya harusi, chef," alisema mtu yule, karibu kulia. "Bantu banangojea. Niko nachelewa."

Abiria wa pirogi walicheka. Wengine walipiga makofi. Mardochée alirudisha bastola mahali pake na kwenda mwenyewe kuwakamata bata, maana ilikuwa haki, akaingia majini mpaka magotini. Lilikuwa gunia la nne wiki ile. La kwanza lilikuwa na mchele, la pili makaa, la tatu nguo za maiti. Sasa bata. Alitamani kumpiga mtu ngumi na hakuona mtu wa kumpiga.

Simu ikalia. Namba haikuonekana, kwa hiyo alikuwa Albertine, mkuu wake katika Idara ya upelelezi, aliyekaa Kinshasa kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

"Mvuvi. Kapu iko na samaki?"

"Kapu tupu, Mama."

"Basi kunja nyavu. Ule mzee ulimufunga anapanda ndege kesho saa tisa mchana. Wewe njo utamusindikiza."

"Mama, sijaridhika na..."

Mtandao ukakatika. Alipiga tena mara sita.

*

Kilichokuwa kinaibiwa Kindu hakikuwa dhahabu wala almasi. Zilikuwa lebo.

Vipande vya plastiki vyenye namba, vimeviringwa kwa mamia, vimewekwa kwenye depo moja ya mabati karibu na soko. Lebo ikifungwa kwenye gunia la kasiterite, mawe yanayotoa bati, gunia limekuwa safi: limetoka kwenye shimo lisilo na bunduki na linaweza kuuzwa popote duniani. Bila lebo ni magendo. Mwenye lebo za wizi anasafisha madini ya kundi lolote lenye silaha, na pesa zikirudi, kundi linanunua risasi. Mardochée alizaliwa Kibombo, akakulia Kindu katika miaka ya vita. Risasi hizo hakusimuliwa, alizisikia mwenyewe.

Katika wiki tatu zilipotea lebo elfu tatu. Na mlangoni kulikuwa na kihisi.

Kihisi chenyewe kilikuwa kitu cha kushangaza kwa bei yake. Kabla yake depo ilikuwa na king'ora cha gharama kubwa kutoka nje, kilichomlilia kila paka aliyefukuza panya na kila mbuzi aliyeingia kupumzika kupitia tundu la ukutani. Kililia usiku, kililia mchana, mpaka majirani wakakivunja kwa mawe na hakuna aliyewalaumu. Ndipo Safia binti Kassim, mwalimu wa umeme kwenye shule ya ufundi, akaunda cha kwake: jicho dogo la kunusa joto, kopo la maziwa, kadi ya kutunza kumbukumbu, na gundi nyeusi aliyoibandika kwenye nusu ya chini ya jicho. Chini ya kiuno cha mtu, jicho halikuona kitu. Mbuzi, paka, bata na mbwa walipita bila usumbufu. Mtu aliyesimama alionekana, king'ora kikalia kwenye kibanda cha mlinzi.

Mlinzi alikuwa baba yake Safia, Papa Kassim, mwenye miaka sitini na minane.

Kadi ya kihisi ilionyesha kila aliyeingia, asubuhi na jioni, na kila mmoja alikuwa na karatasi ya ruhusa. Hakuna mgeni. Hakuna usiku. Funguo zilikuwa mbili: moja kwa mkuu wa depo, aliyejulikana mji mzima kwamba mchana anakwenda kula kwake, na moja kwa Papa Kassim. Mzee alipoulizwa mchana huwa wapi, alijibu bila kusita: "Ndani ya depo. Naswali adhuhuri mule, juu ya kazi, siwezi kuacha mulango niende musikiti."

Kadi ikafunguliwa. Adhuhuri zote za wiki tatu zilikuwa tupu. Jicho halikumwona mtu yeyote.

Ndipo Mardochée, Jumatatu ile, katikati ya uwanja, mbele ya wapagazi na wanawake wa mchele na watu wa toleka walioegemea baiskeli zao, alimwambia mzee: "Wewe ni mwongo." Polisi wakamfunga pingu akiwa bado na kofia yake kichwani. Tangu siku hiyo Mardochée hakulala vizuri, na hakujua kwa nini.

*

Alirudi depo akiwa na suruali iliyolowa. Saa tano asubuhi.

Bienfait, mkuu wa depo, alimpokea na Fanta baridi na tabasamu lake la kila siku. Alikuwa mwanamume mnene, msafi, mwenye Casio ya dhahabu.

"Chef Onema! Bado unatafuta? Mashine haisemi bongo, haijui uongo."

"Nataka kujaribu tena."

"Jaribu. Jaribu mpaka uchoke."

Alijaribu. Aliingia akitembea: king'ora kikalia. Aliingia akikimbia: kikalia. Alitambaa kwa tumbo kama nyoka, shati jeupe likawa jekundu kwa vumbi: kimya. Hilo alikuwa amelifikiria tangu mwanzo. Lakini lebo zilikaa kwenye rafu ya juu, na anayetambaa hazifikii, na akisimama anaonekana. Mbuzi mmoja mwenye madoa aliingia kwenye tundu, akalala kwenye kona, kimya. Kila kitu kilifanya kazi kama kilivyotakiwa. Mardochée alipiga teke kreti tupu, akaumia kidole.

Safia alikuwa amesimama kizingitini na daftari la shule mkononi. Hakumsalimu.

"Umemaliza?"

"Jicho lako ni zima, mwalimu."

"Najua liko zima. Nililijaribu asubuhi, nililijaribu jioni." Akalikunja daftari. "Na Papa hasemi bongo. Hajawahi. Sasa niseme nini? Niseme mashine yangu iko mubaya? Haiko mubaya. Niseme Papa... Kesho munamupeleka Kinshasa. Iko na tansio, damu inapanda. Atakufia mule gerezani na mi njo nilitengeneza kitu kilimufunga."

Mardochée aliangalia juu ili asimwangalie usoni. Kwenye paa yalionekana mabati matupu na misumari.

Saa tano na nusu akaondoka. Siku zote aliondoka depo ile saa tano na nusu.

*

Kasho, chumba cha mahabusu cha polisi, ilinuka mkojo na dawa ya mbu. Papa Kassim alikuwa ameketi kwenye kipande cha katoni, mgongo umenyooka.

"Papa, nakuuliza mara ya mwisho. Nani unamlinda?"

"Mi nalinda mulango. Njo kazi yangu."

"Mashine haikukuona adhuhuri hata siku moja!"

"Mi nilikuwa mule. Saa saba, kila siku. Nanawa kwa mutungi wangu, najipangusa, naingia, natandika musala. Jasho inaanguka mpaka musala inaloana. Nikimaliza natoka, nalala kidogo kwa kibanda, king'ora itaniamusha. Mule muchana iko moto, mwanangu. Moto ya kweli. Wewe uliingia mule saa saba?"

Mardochée akatazama mlango.

"Siku ngapi unafanya anketi, unachunguza hapa?"

"Siku kumi na moja."

"Na saa saba hata mara moja haukuingia. Juu ya nini?"

Mwaka 2002 mji ulikuwa umezingirwa. Mchele wa Kibombo hauingii, treni haiji, na watu wenye bunduki walimshuku kila mtu. Siku moja waliwasomba wakazi wa mtaa mmoja na kuwafungia kwenye ghala la mabati karibu na reli. Mardochée alikuwa na miaka tisa. Asubuhi na jioni watu walivumilia. Shida ilikuwa mchana. Mama yake alivua kitenge na kuwapepea, yeye na dada yake Espérance mwenye miaka mitatu, akapepea mpaka mkono ukakataa. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa. Mardochée alitoka na mama yake. Espérance hakutoka.

Tangu hapo hakuwahi kuingia chini ya bati lisilo na dari mchana. Hakuwahi kumwambia mtu, na kazini alikuwa na visingizio vya kutosha: chakula, ripoti, simu. Siku kumi na moja alikuwa amejaribu jicho lile asubuhi na jioni na usiku, kwa miguu na kwa tumbo, na saa pekee ambayo mzee aliitaja aliikimbia. Halafu akamwita mzee mwongo.

Alitoka kasho bila kuaga. Alikuwa na hasira, na safari hii alijua anamkasirikia nani.

Alimkuta Safia anafunga darasa.

"Jicho lako linaona nini? Sema kwa Kiswahili cha kawaida."

"Haioni muntu. Inaona tofauti. Mwili uko na joto, ukuta uko baridi, kitu cha joto kikipita, inalia. Na lazima kitembee. Kikikaa kimya haioni."

"Na ukuta ukiwa na joto sawa na mwili?"

Chaki ikamdondoka Safia.

"Uliwahi kulijaribu saa saba mchana?"

"Saa saba mi nafundisha," alisema polepole. "Kila siku. Lakini ile depo ilikuwa na plafo ya mbao. Kukiwa na plafo haiwezi kufika joto ile..."

"Dari haipo."

"Ilitolewa. Miezi mbili sasa. Chef Bienfait alisema muchwa. Na madirisha akapigilia, alisema usalama."

Jua la saa tisa lilikuwa limeanza kulegea.

"Twende tujaribu sasa," alisema Safia.

"Sasa limeshapoa. Itabidi kesho."

Na kesho kulikuwa na ndege. Mardochée alipanda juu ya tanki la maji la shule, mahali pekee penye mtandao, akampata Albertine baada ya nusu saa.

"Mama, naomba siku moja. Naomba adhuhuri moja tu."

"Onema, mi niko na ndege, siko na adhuhuri. Niletee mwizi ao niletee mzee."

Akakata.

*

Alhamisi mvua ilinyesha.

Ilianza alfajiri na haikuwa na haraka. Mardochée alisimama chini ya ukumbi wa nyumba ya wageni akiliangalia wingu, na kila tone lililogonga bati lilimchoma. Kwenye meza ya pembeni mgeni mmoja alikuwa anakunywa kahawa: Lanz, aliyejiita Daktari wa mawe, aliyekuja na nyundo ndogo na masanduku mengi. Begi lake la safari lilikuwa limeshafungwa.

"Unaondoka, Daktari?"

"Ndege ya leo. Wewe pia, nasikia. Na mzee mwizi." Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno. "Hongera."

Saa nne mvua ikakatika. Saa tano jua likatoka kwa nguvu, barabara zikaanza kutoa mvuke.

Safia alikwenda kwa Bienfait na boksi la vyombo. Alisema anataka kusafisha jicho mara ya mwisho kabla baba yake hajaondoka, akalia kidogo. Kilio hakikuwa cha kuigiza. Bienfait alimpa dakika kumi na kwenda kupiga simu. Katika dakika hizo Safia alizima king'ora, Mardochée akapita nyuma, akaingia, akaketi kati ya makreti na mgongo ukutani. King'ora kikawashwa tena.

"Usisogee," Safia alinong'ona. "Ukisogea kabla, italia, atakuja. Mi nitajificha ndani kwa mashini ya mchele, ng'ambo ya barabara; mulango sitauona, lakini king'ora nitasikia. Isipolia mpaka saa saba na nusu, nitajua."

"Utajua nini?"

"Kama Papa alisema kweli."

Mlango ukafungwa. Giza jekundu likabaki, na mistari ya mwanga kwenye matundu ya misumari.

Saa sita joto lilikuwa la kuvumilika.

Saa sita na nusu mabati yakaanza kulia, tak, tak, yakitanuka. Jasho lilimwingia machoni na hakuweza kulifuta. Kwenye paja aliweka kipimajoto cha Safia. Thelathini na tatu. Thelathini na nne. Alisikia mtoto akikohoa. Hapakuwa na mtoto. Alimsikia hata hivyo, alimsikia vizuri, na mikono yake ikataka kuinuka yenyewe ipige mlango. Aliikalia.

Thelathini na sita.

Saa saba, thelathini na saba.

Aliinua mkono mmoja. Kimya.

Akasimama. Kimya. Alitembea hatua tano moja kwa moja mpaka mbele ya kopo la maziwa, akapunga mikono yote miwili, akaruka, akalitukana kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala. Taa yake ndogo haikuwaka hata kidogo.

Mzee alikuwa amesema kweli.

Kufuli likafunguliwa. Mardochée akarudi nyuma ya makreti na Makarov mkononi. Bienfait aliingia bila kunyata, akipuliza mluzi, kama mtu anayeingia jikoni kwake. Alikwenda rafu ya juu, akashusha lebo viringo vinne, akavitia kwenye mfuko wa kompyuta. Simu yake ya setilaiti ikalia karibu na mlango.

"Daktari? Ndiyo. Ya mwisho iko tayari. Aéroport, saa nane na nusu." Akacheka. "Onema? Ule mujinga iko nafunga valizi."

Mardochée alihesabu: sauti, jina, mzigo. Vilitosha. Alijiandaa kusimama.

Mbuzi mwenye madoa akaingia kwenye tundu.

Alinusa hewa. Alikwenda moja kwa moja kwa Mardochée, kwa sababu Mardochée alikuwa amejaa chumvi, akaanza kumlamba mkono wenye bastola. Mardochée alimsukuma. Mbuzi akalia kwa sauti yote aliyopewa na Mungu.

Bienfait aligeuka.

"Mikono juu!"

Hakuinua mikono. Alivuta rafu. Ilikuwa rafu ya chuma ya mita tatu, na ilianguka na kila kitu chake. Mardochée alijitupa pembeni. Chuma kikampata begani, kikaifunika Makarov, kikaiponda Motorola. Alipoinuka aliona mwanga ukipungua, ukawa mstari, ukaisha. Kufuli likafungwa kwa nje.

"Bienfait!"

Alipiga mlango. Ng'ambo ya barabara mashini ya mchele ilikuwa inanguruma, na hakuna ngumi ambayo ingeishinda. Simu: hakuna mtandao. Tundu: akapitisha kichwa, mabega yakakataa. Mbuzi alimpita pembeni, akatoka kwa adabu zote.

Saa saba na dakika ishirini. Na huko nje Safia alikuwa ameketi akifurahia ukimya.

Mardochée alicheka, kicheko kibaya. Alikuwa amefungiwa ndani na mashine iliyotengenezwa kupiga kelele imwonapo mtu, yeye ni mtu, na mashine haimtaki. Alipunga tena. Alirusha kreti, nalo likapita kama upepo, maana lilikuwa na joto lilelile. Kila kitu mle ndani kilikuwa na joto lilelile. Pumzi ikamjia fupi fupi. Yule mtoto alikohoa tena.

"Tofauti," alijiambia kwa sauti. "Inaona tofauti."

Kwenye kona, nyuma ya mlango, chini ya mkeka uliokunjwa, kulikuwa na mtungi wa udongo. Wa Papa Kassim, wa kutawadhia. Waliuingiza ndani pamoja na mkeka wake Jumatatu alipofungwa, na hakuna aliyeugusa tangu hapo. Mardochée aliutia mkono.

Maji yalikuwa baridi. Udongo ulikuwa umeyatunza.

Alijimwagia yote, kichwani, shatini, mgongoni. Akavua shati likichuruzika, akasimama mbele ya kopo, akalipunga juu ya kichwa kama anayesimamisha treni.

King'ora kililia.

Kililia kiasi kwamba mashini ya mchele ilizimwa. Dakika mbili baadaye alisikia miguu ikikimbia na sauti ya Safia, na haikuwa sauti ya furaha. "Imelia," alikuwa anasema. "Imelia, imemwona muntu, basi Papa..."

"Safia!" Mardochée aliweka mdomo kwenye tundu. "Nilitembea dakika ishirini haikuniona! Nimejimwagia maji ya mzee! Maji baridi! Ndiyo yaliyoiliza! Bienfait ana lebo! Vunjeni mlango!"

Halafu Safia alipiga kelele kwa watu wa mashini, na sauti ilikuwa nyingine kabisa: "Muleteni mutaimbo! Mbio!"

*

Saa nane na dakika arobaini.

TVS ilipanda barabara ya uwanja wa ndege ikiteleza kwenye tope, Mardochée bila shati, Safia nyuma yake amebeba kopo la maziwa kifuani. Getini askari aliinua mkono.

"Chef, ordre de mission? Karatasi ya kazi?"

"Iko mfukoni mwa shati."

"Shati iko wapi?"

Mardochée alimpita.

Antonov ilikuwa imeshafungua tumbo. Abiria walisimama kwenye mstari na vifurushi vyao, na mbele kabisa, kati ya polisi wawili, Papa Kassim na pingu zake. Nyuma ya mstari, kivulini, Lanz alikuwa anapokea mfuko wa kompyuta kutoka kwa mkono wenye Casio ya dhahabu.

Bienfait alimwona kwanza. Aliingiza mkono ndani ya koti.

Mardochée hakuwa na bastola. Alikuwa na pikipiki. Aliilaza kwenye tope ikiwa bado inakwenda, ikateleza peke yake, ikamfagia Bienfait miguu. Safia alikuwa amesharuka, akaanguka, akainuka na kopo lake zima. Mardochée aliukanyaga mkono wa Bienfait na kumnyang'anya bastola ndogo nyeusi, akaielekeza kwa Lanz bila kumtazama.

"Daktari. Weka mfuko chini."

"Huu ni mfuko wangu wa mawe."

"Fungua."

Lanz hakufungua. Polisi mmoja alifungua. Viringo vinne vya lebo vikaonekana mbele ya watu wote, na mstari mzima ukaguna.

Simu ya Mardochée ikatetemeka. Sasa mtandao ulikuwepo.

"Mvuvi," alisema Albertine, "mzee ameshapanda?"

"Hapandi. Wanapanda wengine wawili. Mwizi na mnunuzi, lebo mkononi."

"Onema, niliomba ripoti kabla ya..."

Alimkatia. Ilimpa raha ndogo.

Alimwendea Papa Kassim na ufunguo wa pingu. Mzee hakutoa mikono. Aliirudisha nyuma.

"Bado," alisema.

"Papa, umeachiwa. Tumewakamata."

"Nimeona. Lakini wewe ulinifunga namna gani? Ulinifunga kwa pembeni? Ulisema mbele ya bantu. Mbele ya babeba-mizigo, mbele ya bamama ba mchele. Mutoto wangu alikuwa pale." Sauti yake haikupanda. "Nikitoka hapa na pingu imefunguliwa kimya-kimya, kila muntu atasema serikali ilinihurumia. Mi sitaki huruma."

Mardochée alisimama bila shati mbele ya abiria sabini, bega linavuja damu, tope mpaka kwenye nyusi. Angependa kupigana na wanaume kumi kuliko kufanya kilichofuata. Aligeuka.

"Sikilizeni!" Sauti ilimtoka nyembamba. Akaanza upya. "Mimi ni Onema Mardochée, wa Idara. Jumatatu nilisema huyu Papa ni mwongo. Alisema kweli siku zote. Mashine haikuona, na mimi sikwenda kuangalia. Sikwenda kwa sababu niliogopa joto. Mwongo hakuwa yeye. Kosa ni langu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mwenye gunia la mchele alitikisa kichwa mara mbili, taratibu, kama anayekubali bei.

Ndipo Papa Kassim alipotoa mikono. Pingu zikafunguka. Safia alimkumbatia baba yake, kopo likiwa bado katikati yao, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu mzee akatikisika mabega. Baadaye akauliza saa. Saa tisa na robo, walimwambia. Akasema adhuhuri ilikuwa bado na muda kidogo, akaomba maji.

Mardochée aliinua TVS. Taa ilikuwa imevunjika na usukani umepinda kushoto. Simu ilitetemeka tena, ikatetemeka, ikachoka. Aliwasha injini mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikakataa, mara ya tatu ikawaka.

Akaondoka taratibu kurudi mjini, akishikilia usukani kwa nguvu upande wa kulia ili aende moja kwa moja.